Mikono ya Nyabol na Mgongo wa Malual

Mvua za mwaka 1967 zilikawia kuisha huko Kitale. Mahindi yaliota ukungu yakiwa bado shambani, barabara ya kwenda misheni ikageuka uji, na sisi watoto wa wakimbizi kutoka Kapoeta, kusini mwa Sudan, tuliozoea kuingoja mvua kama mgeni wa heshima, tulikuwa tumeichoka kabla ya Oktoba. Ni katika msimu huo ninapomkumbuka Nyabol kwa mara ya kwanza akiwa na sindano mkononi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, katika chumba cha matandiko cha shamba la Mzungu mmoja, akichambua sufu ya kondoo kwa vidole kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

Mama yake alikuwa akifua nguo katika nyumba kubwa ya shamba hilo. Baba yake, aliyekuwa askari polisi huko kwetu, alikuwa amefariki njiani, kabla hatujafika Lodwar. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kubaki naye nyumbani, Nyabol alishinda katika chumba cha matandiko pamoja na Mzee Job, fundi wa ngozi, ambaye jicho lake moja lilikuwa limepofuka na kwa hiyo alihitaji mtu wa kumtungia uzi. Alianza kwa kutunga uzi. Mwaka haukuisha kabla hajaanza kushona.

“Usijaze tandiko kama unavyojaza gunia,” Mzee Job alikuwa akimwambia. “Gunia litalala ghalani. Hili litalala juu ya mgongo wa kiumbe.”

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilifika pale kila Jumamosi kwa kisingizio cha kumsaidia Nyabol katekisimu, ambayo aliijua kuliko mimi. Ukweli ni kwamba nilitaka kupanda farasi. Siku moja alinihurumia. Alimtoa jike mmoja aitwaye Malkia, mwembamba, mabega yake yamechongoka kama paa la kanisa, akanipandisha, akashika kamba mwenyewe na kunipeleka kutoka kwenye hori la maji hadi langoni. Zilikuwa hatua tisini. Nazijua kwa sababu nilizihesabu huku nimefumba macho. Kutokana na hatua hizo tisini nilipata mazungumzo ya miaka arobaini.

Mwaka 1970 shamba liliuzwa, na mwenyewe alipoondoka aligawa vitu ambavyo havikununuliwa. Mimi nilipewa tandiko la Malkia. Nilipenda kusimulia kwamba nilikabidhiwa, lakini neno la kweli ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Nililihifadhi chini ya kitanda changu kwa miaka thelathini na sita, nikilipaka mafuta kila Pasaka, na nilipokuwa mwalimu na kuoa, mke wangu Adit alizoea kulipiga teke kila anapofagia. Tuliporudi kwetu mwaka 2006, baada ya mkataba wa amani, nafasi kwenye lori ilikuwa finyu. Adit alipoliona tandiko limefungwa juu ya mizigo, aliketi chini, palepale barabarani.

“Baba Aleer,” alisema, “umeacha kabati langu la vyombo ukabeba kiti cha mnyama tusiyekuwa naye?”

Nyabol naye alirudi mwaka huohuo, akakaa Juba kama sisi. Alikuwa ameolewa na dereva wa malori mwenyeji wa Malakal, akamzalia mabinti wawili, akafiwa naye, na kisha akafanya kazi miaka ishirini na miwili katika mazizi ya farasi wa mbio jijini Nairobi, akishona na kujaza matandiko. Hakuwahi kumpanda farasi hata mmoja. Juba haikuwa na kazi ya matandiko, kwa hiyo alifungua kibanda cha magodoro katika mtaa wa Hai Malakal. Alikuwa akifumua magodoro yaliyoshindiliwa, akichambua pamba yake kwa vidole vilevile, na kuyajaza upya. Watu walisema ukilalia godoro la Nyabol, mgongo unasahau umri wake. Tulikutana kanisani kila Jumapili. Tulizungumza habari za watoto, za bei, za marehemu. Habari za farasi sikuzitaja kamwe, na sababu yake ilikuwa nzuri.

Sababu ni kwamba wakati huo mimi nilikuwa mtaalamu wa farasi.

Kando ya mto, karibu na mtaa wa Juba Na Bari, palikuwa na hoteli moja ya mahema, kama zilivyokuwa nyingi miaka ile. Meneja wake alikuwa Mkenya kutoka Kakamega, kijana mwenye adabu aitwaye Phineas. Mimi niliajiriwa kuwafundisha wafanyakazi wake kusoma wakati wa mchana. Siku moja, katikati ya mwaka 2007, mfanyabiashara mmoja wa Kaskazini aliyekuwa akifunga duka lake ili arudi kwao alimwachia Phineas farasi, zawadi ya kuagana. Alikuwa farasi dume aliyehasiwa, mwekundu wa udongo, mpana, mpole. Phineas alimtazama kama mtu aliyepewa mtoto mchanga sokoni.

“Kuna mtu hapa anajua farasi?” aliuliza.

Mkono wangu ulinyanyuka kabla mimi mwenyewe sijaamua.

“Nimekua nao,” nikasema. “Kitale.”

“Kitale kabisa!” Phineas alifurahi. “Basi Mzee, huyu ni wako. Mfundishe kazi, wageni wapige picha, na tarehe tisa Januari, siku ya amani, utamwendesha mbele ya wafanyakazi wetu kwenye maandamano.”

Nilimpa farasi jina la Malual, jina ambalo kwetu hupewa maksai wa rangi hiyo. Kesho yake nikaleta tandiko kutoka chini ya kitanda.

Halikumkaa. Hata mimi niliona. Mgongo wa Malkia ulikuwa paa la kanisa. Wa Malual ulikuwa meza ya chakula. Tandiko lilipanda juu ya mabega yake, likambana mbele na kuning'inia nyuma. Nilifikiri kwa dakika moja, muda ambao niliona unatosha, kisha nikakunja blanketi na kuliweka chini yake. Lilipoendelea kuyumba, nikaongeza blanketi la pili. Halafu nikaukaza mshipi wa tumboni mpaka nikahema.

Malual aliyalaza masikio nyuma. Aligeuza kichwa, akaing'ata hewa karibu na kiwiko changu. Alipiga mkia huku na huku, akainua mguu wa nyuma kuelekea tumboni, akaugonga chini. Mtu mwenye akili angejiuliza mnyama huyu anasema nini. Lakini mimi, pamoja na vyeti vyangu vya ualimu, ni mtoto wa watu wa ng'ombe. Kwetu kijana hupewa maksai wake wa sifa, humwimbia, hutembea naye akiinua mikono juu kuigiza pembe zake. Maksai akitikisa kichwa na kuichimba ardhi mbele za watu, hiyo ni fahari yake na ya mwenye kumiliki. Nilipomwona Malual akifoka, moyo wangu ulijaa. Nikasema: ana moyo huyu! Anajijua!

Mlinzi wa lango, Nhial, jitu la futi sita na ushee, alikiacha kiti chake akaja. Naye aliona nilichokiona. Aliinua mikono yake mirefu juu ya kichwa, akaipinda kama pembe, akaanza wimbo. Wapishi wawili wakatoka jikoni na vigelegele.

“Kwes! Safi!” Nhial alipaza sauti. “Kaza tena, Mwalimu! Mkaze, aonyeshe hasira yake!”

Nikakaza tena. Malual aling'ata tena. Tukaimba tena.

Ndani ya mwezi mmoja jambo hilo likawa desturi. Saa mbili asubuhi, wageni wakiwa na vikombe vyao vya chai, Malual alitandikwa mbele ya hema la chakula, na wafanyakazi wote waliotoka sehemu za ng'ombe walikusanyika kumwimbia. Phineas, ambaye kwao huimbiwa fahali wa kupigana, si farasi, alidhani ni utamaduni uliokamilika, akauandika kwa chaki kwenye ubao, chini ya orodha ya mayai. Wageni walipiga picha. Mimi nilivaa kofia. Kadiri mnyama alivyoumia ndivyo alivyofoka, na kadiri alivyofoka ndivyo tulivyomsifu. Nikipanda, mgongo wake ulizama chini yangu kama kitanda cha kamba. Nami niliwaelezea wageni kwamba hiyo ni namna ya farasi kumkaribisha mpanda.

Siku ya Alhamisi, tarehe 29 Novemba, nilipanda mbele ya watu wengi kuliko kawaida, kwa kuwa tulikuwa tukifanya mazoezi ya maandamano. Nilipanda juu ya kreti ya soda, nikapitisha mguu, nikaketi kwa uzito wangu wote, ambao tayari ulikuwa uzito wa mtu anayekula hotelini. Mgongo ulizama kama ilivyokuwa desturi. Kisha ukapanda, na hiyo haikuwa desturi. Niliiona Nile, nikaliona paa la jikoni kwa juu, na nikatua kwa makalio ndani ya karai la viazi vilivyomenywa.

Hakuna aliyeumia isipokuwa viazi. Lakini watu walicheka. Walicheka wageni, wakacheka wapishi, Nhial akacheka akiwa bado ameinua mikono kama pembe. Hasira ilinipanda, na hasira ya mtu aliyeketi ndani ya karai haina hekima.

Phineas alikuja mbio akaninyanyua. “Pole sana, Mzee! Amekuwaje?”

“Huyu farasi ni kichaa,” nilisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. “Ameharibika akili. Kuna siku ataua mtu.”

Phineas hakucheka. Alikuwa meneja, na mahema yake yalikuwa na wageni wenye watoto. Jioni ile aliniita ofisini.

“Mzee, nimeongea na afisa mmoja wa polisi. Atakuja Jumamosi mchana na bunduki. Siwezi kumuuza kwa mtu halafu aue watoto wa wenyewe. Wewe ndiye mtaalamu, na umesema.”

Nilitaka kusema kwamba sikumaanisha hivyo. Lakini ningeliondoa neno lile ningelazimika kuweka lingine mahali pake, na lingine nililokuwa nalo ni kwamba sijui chochote. Nikasema, “Ndiyo, kijana wangu. Ni vigumu, lakini ndivyo.” Nikaenda nyumbani.

Ijumaa asubuhi, mwanamke aliingia langoni akiwa nyuma ya boda boda, amekumbatia mfuko wa sindano. Phineas alikuwa amemwita aje kufumua magodoro ya mahema. Katika Juba yote palikuwa na mtu mmoja ambaye sikutaka anione pale, naye ndiye aliyekuwa akishuka.

“Mwalimu Arkangelo!” Nyabol alisema. “Kumbe nawe uko hapa? Unafundisha kunyoosha mashuka?”

Kabla sijajibu, alilitazama tandiko. Lilikuwa limewekwa juu ya fito ya uzio, lipate hewa. Alilisogelea polepole. Hakuligusa juu, ambako ngozi ilikuwa inang'aa kwa mafuta yangu ya Pasaka. Aliligeuza. Akaufuata mshono wa chini kwa kidole hadi kwenye kona, mahali penye msalaba mdogo wa uzi mwekundu.

“Hii ni kazi yangu,” alisema. “Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Hili nililijaza kwa ajili ya Malkia.” Akapapasa ndani ya mito ya tandiko. “Sufu imeshikamana. Kuna madonge humu kama mawe ya mto. Mwalimu, hili limewekwa juu ya nani?”

Nilinyoosha kidole. Malual alikuwa amefungwa kivulini, kichwa chini.

Nyabol alimwendea, akaongea naye kwa Kiswahili cha Kitale, maneno yasiyo na maana. Alinusa shingo yake. Kisha akaweka vidole viwili, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, akaviteremsha pole kutoka mabegani kuelekea kiunoni, kwa uzito wa mtu anayejaribu kama rangi imekauka. Alipofika nyuma ya mabega, ngozi yote ya Malual ilitetemeka, na mgongo ukazama kama ulivyozama chini yangu kila asubuhi. Lakini safari hii hapakuwa na mtu juu yake. Palikuwa na vidole viwili.

“Njoo uone,” alisema Nyabol. Sikutaka kwenda. Nikaenda. Alitenga manyoya. Pande zote mbili za mabega palikuwa na vishada vya nywele nyeupe, ukubwa wa sarafu. “Mwekundu huyu hakuzaliwa na hizi. Nywele hutoka nyeupe mahali damu ilipobanwa. Akitoka jasho, hapa pamekuwa pakavu, sivyo? Kote maji, hapa pakavu?”

Nilikumbuka. Niliwahi kuwaonyesha wageni mahali hapo pakavu na kuwaambia ni dalili ya nguvu.

“Hafai tena,” nikasema. “Ni kichaa. Meneja ameshaita polisi. Kesho mchana.”

“Nani amesema ni kichaa?”

Nhial, aliyekuwa amesogea kusikiliza, ndiye aliyejibu kwa moyo safi. “Mwalimu ndiye alisema, mama. Yeye ndiye anajua farasi. Lakini zamani alikuwa na moyo sana huyu! Akifungwa mshipi anakasirika, na sisi tunamwimbia.”

“Mnamwimbia?”

“Kila asubuhi, mama.”

Nyabol alinigeukia. Kisha akaweka mfuko wake chini.

“Piga magoti, Mwalimu.”

“Dada, mimi ni mtu wa miaka hamsini na minne.”

“Ndiyo. Piga magoti, na mikono chini pia. Mgongo uwe juu.”

Siwezi kueleza kwa nini nilitii. Labda ni kwa sababu mara ya mwisho aliponiamuru mbele ya farasi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilijishusha. Alichukua blanketi langu la kwanza, akalikunja kama nilivyozoea kulikunja, akaliweka. Akachukua la pili. Kisha nikalisikia tandiko la Malkia likitua juu yangu, na kitu kigumu kama ngumi kikaingia chini ya bega langu la kushoto. Nikajaribu kukikwepa kwa kuinama, na cha kulia kikanipata. Nyabol aliuzungusha mshipi tumboni mwangu, akaukaza, kisha akaegemeza viwiko vyake viwili juu ya tandiko kama mama anayezungumza na jirani dirishani.

“Aaa! Nyabol! Ngoja! Unaniumiza!”

“Nhial,” alisema Nyabol bila haraka, “mbona husimami na pembe zako? Amekasirika. Ana moyo huyu.”

Akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, kizuri, cha harusini. Wapishi walikuwa wametoka, hakuna aliyekiitikia. Nhial aliitazama mikono yake, kisha akaificha nyuma ya mgongo.

“Wallahi,” alisema kwa sauti ndogo. “Tulikuwa tunamwimbia akilia.”

Nikiwa bado chini, nyasi zikinichoma viganja, niliweza kuziona kwato za Malual tu. Zilikuwa hazitikisiki. Nadhani alikuwa akinitazama.

“Toa blanketi moja,” nikaomba. “Yamejaa mno.”

“Ulipoona linabana ukaongeza la pili,” alisema. “Kiatu kikikubana, Mwalimu, unavaa soksi mbili?” Akanifungua. “Sasa nenda kwa meneja.”

“Nenda wewe, dada. Wewe ndiye unajua.”

“Mimi ni mshona magodoro. Neno lililomhukumu ni lako, kwa hiyo la kumtoa litakuwa lako pia. Mimi nitasimama karibu.”

Nilijaribu kuahirisha hadi jioni. Alisema angeanza na magodoro hapo sebuleni, mbele ya ofisi, na asingeondoka. Alianza kufumua. Nilikaa juu ya ile kreti ya soda kwa saa moja nzima, nikisikia uzi ukikatika: tek, tek, tek. Nilifikiri habari za kofia yangu. Nilifikiri jinsi Adit angecheka. Halafu nikafikiri habari za Jumamosi mchana, nikasimama, miguu ikiwa na ganzi.

Phineas alikuwa akila chakula cha mchana pamoja na mgeni wake Christabel, dada wa Kikenya aliyefanya kazi benki. Nilivua kofia.

“Bwana Phineas. Farasi si kichaa.”

“Lakini Mzee, jana umesema…”

“Nilisema kwa sababu nilianguka ndani ya viazi. Farasi ana maumivu ya mgongo. Nimempa maumivu hayo mimi, kwa tandiko ambalo si lake, na kwa kulikaza. Mimi sijakua na farasi. Nilipanda farasi mara moja, mwaka 1967, hatua tisini, na mtu alikuwa ameshika kamba. Mtu huyo ni yule mama aliye sebuleni.”

Phineas aliweka uma chini. “Kwa hiyo… kila asubuhi? Ile ngoma?”

“Tulikuwa tukimsifu kwa kulalamika.”

Christabel alijifunika uso kwa kitambaa. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na kisha nadhani alilia kidogo, kwa maana naye aliwahi kupiga picha. Phineas hakucheka wala kukasirika. Alitoka moja kwa moja hadi kwa Nyabol, akachuchumaa mbele ya godoro.

“Mama, ni kweli anaweza kupona?”

“Wiki sita asipandwe na mtu yeyote,” Nyabol alijibu, uzi ukiwa bado mdomoni. “Akandwe kwa kitambaa cha maji moto, atembezwe kwa kamba asubuhi na jioni, kwenye mteremko, mgongo ukumbuke kazi yake. Akipita wiki sita bado anang'ata, mwite huyo polisi. Lakini aanze na Mwalimu.”

Phineas akampigia simu afisa. Siku ya Jumamosi mchana afisa huyo alikuja hata hivyo, bila bunduki, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za viazi na alitaka kumwona mwenyewe aliyehusika. Nilimsalimu.

Kuanzia hapo nilipata cheo kipya, cha mshika kamba. Nilimtembeza Malual asubuhi na jioni, na maji moto nilichemsha mimi. Nyabol alikuja kila Jumatatu na Ijumaa, akiteremsha vidole vyake viwili, akisema “bado”, kisha anarudi kwenye kibanda chake. Kuhusu tandiko, nilimsihi alijaze upya. Alinionyesha ndani yake: sufu ingeweza kubadilishwa, lakini mbao zilizolipa umbo zilikuwa nyembamba kwa Malkia na zingebaki hivyo milele. Alitaka kulifumua ili apate ngozi na mishipi. Nililibeba usiku mmoja kulirudisha chini ya kitanda, Adit akalitazama, akaniuliza kwa upole, “Bado kuna mtu wa kuumiza?” Asubuhi nikampelekea Nyabol mwenyewe.

Alilikata mbele yangu. Ule msalaba wa uzi mwekundu ulikatika pamoja na mengine, naye hakuuhifadhi. Kutokana na ngozi ile, na pamba ya magodoro, alishona mito miwili mirefu iliyounganishwa juu, kila mmoja upande wake, na katikati akaacha mfereji ili uti wa mgongo usiguswe na chochote. Halikuwa zuri kutazama. Nhial alisema linafanana na mkate uliopasuka.

Tarehe tisa Januari 2008, siku ya amani, wiki sita zilikuwa hazijatimia kwa siku mbili. Nilimwomba Nyabol anisamehe siku hizo mbili. Alikataa. Kwa hiyo nilitembea kwa miguu kutoka mtoni hadi uwanjani, nikiwa mbele ya wafanyakazi wa hoteli, nimeshika kamba, na Malual akinifuata mgongo wazi, bila hata mkate wake. Njiani watu waliniita mwalimu kwa Kiarabu cha Juba.

“Ya ustaz! Farasi unaye, mbona unatembea?”

“Mgongo unauma,” nilijibu.

“Wako au wake?”

“Leo ni wangu,” nikasema, na haukuwa uongo, kwa maana kumtembeza farasi mara mbili kwa siku si kazi ya mtu wa miaka hamsini na mitano.

Mwezi Februari Nyabol alimtandika kwa mara ya kwanza. Malual aligeuza kichwa kuangalia mshipi ukifungwa, akanusa mkono wake, akarudi kwenye majani yake. Wafanyakazi walikuwa wamesimama wote, na hakuna aliyeimba. Mtu wa kwanza kupanda alikuwa Christabel, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, na mgongo haukuzama. Mimi sikupanda siku ile wala siku nyingine. Nyabol aliniambia ninaruhusiwa nikipunguza mwili. Hilo bado nalifikiria.

Aliendelea kuja kwa karibu miaka mitatu, hata baada ya kuhamishia kibanda chake mtaa wa Gudele. Mwishoni mwa mwaka 2010 binti yake wa kwanza, aliyeolewa Malakal, alijifungua mapacha, akamwita mama yake. Nyabol alisema angekwenda baada ya kura ya uhuru wa Kusini. Tangu alipokwenda sijapata habari zake. Namba niliyopewa hailii, na watu wanaotoka huko hawamjui kwa jina wala kwa kazi yake.

Mara ya mwisho nilimwona siku ya Jumatatu, tarehe 10 Januari 2011, saa nne asubuhi, alipofika hotelini akitokea kituo cha kura, kidole chake kikiwa na wino. Malual alikuwa ametandikwa. Alipitisha kiganja chini ya mto wa kushoto, kisha wa kulia. Aliulegeza mshipi tundu moja. Akapanda boda boda akaondoka.